Duka la Bei Nafuu Masara: Nani Hubeba Gharama ya Jina?

Mfanyabiashara anayetaka kufungua duka la bei nafuu kwa jina la kampuni kubwa huuliza kwanza ada ya kujiunga. Makala haya yanadai kwamba katika mji kama Masara, Kaunti ya Migori, ada hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya mzigo. Uzito uko kwenye mrabaha, yaani fungu ambalo mwenye jina hukata kila mwezi, na kwenye namna wateja wa huko wanavyonunua.

Tuchukue duka linalouza bidhaa za shilingi 1,000,000 kwa mwezi, faida ghafi ikiwa asilimia 10. Mkataba ukidai mrabaha wa asilimia 3 ya mauzo, shilingi 30,000 zimeondoka. Kodi ya mauzo, ambayo hutozwa biashara zenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ni asilimia 3 nyingine, isipokuwa mwenye duka ameomba atozwe kwa faida. Katika laki moja ya faida ghafi zimebaki elfu arobaini, na pango, stima, mishahara na nauli ya mizigo havijaguswa. Kwa kuwa mauzo yamepita milioni 5 kwa mwaka, lazima pia ajisajili kwa VAT na atoe risiti za kielektroniki za eTIMS. Leseni ya kaunti na vyeti vya afya vya wanaoshika chakula navyo vinamsubiri. Mrabaha wa namna hii hukatwa hata mwezi wa hasara, kwa sababu unapimwa kwa mauzo na si kwa faida.

Si ajabu basi kwamba Aldi na Lidl za Ujerumani, pamoja na Dollar General ya Marekani, humiliki maduka yao zenyewe. Dia ya Uhispania imekwenda njia ya kukodisha jina, lakini kwa jumla biashara hii ina faida nyembamba mno kugawanywa mara mbili kwa urahisi.

Masara ina ugumu wake. Fedha nyingi za hapo hutoka kwenye dhahabu ya wachimbaji wadogo, na dhahabu haina tarehe ya mshahara. Mteja hununua kadogo: sukari robo, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni. Wiki ambayo mawe hayajasagwa kwenye karasha, jina lake huandikwa kwenye daftari la deni, naye hulipa dhahabu ikiuzwa. Mkataba unaodai pakiti zisifunguliwe na kila bidhaa ilipwe papo hapo humnyang'anya mwenye duka nyenzo mbili zinazomweka karibu na wateja wake.

Jina lenyewe pia laweza kufa. Nakumatt, iliyokuwa fahari ya rejareja nchini, ilielemewa na madeni ya wasambazaji, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Choppies ya Botswana, iliyonunua maduka ya Ukwala, nayo ilifunga virago Kenya. Hata jina linaposimama imara, bei ya chini hulipwa na mtu. Mwaka 2021 Baraza la Ushindani lilikubaliana na Mamlaka ya Ushindani kwamba Majid Al Futtaim, inayoendesha Carrefour nchini kwa mkataba wa jina, ilitumia vibaya nguvu zake za ununuzi dhidi ya msambazaji wa maziwa ya mtindi. Punguzo la namna hiyo hutoka mfukoni mwa msambazaji.

Kenya haina sheria mahususi ya mikataba ya jina inayomlazimu mwenye jina kufichua hesabu za maduka yaliyofungwa. Bunge linapaswa kuitunga. Kwa sasa, wenye maduka wa Masara wangefaidika zaidi wakiunda ushirika wa kununua pamoja kwa bei ya jumla, kila mmoja akibaki na jina lake na daftari lake. Atakayeamua kutia saini hata hivyo, adai mrabaha ukatwe kwenye faida ghafi, bidhaa zisizotoka zirudishwe, na masharti ya kujitoa yaandikwe kabla hajalipa hata shilingi.