Kesi ya Wanahisa wa Tesla kuhusu SolarCity

Shauri lililosikilizwa katika Mahakama ya Chancery ya jimbo la Delaware, Marekani. Mwaka 2016 Tesla ilinunua SolarCity, kampuni ya kufunga paneli za sola kwenye mapaa ya nyumba, kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 2.6 hivi. Elon Musk aliongoza Tesla na wakati huohuo alikuwa mwenyekiti wa SolarCity, iliyoasisiwa na binamu zake. Wanahisa walidai kuwa Tesla ilibebeshwa kampuni iliyolemewa na madeni.

Wakurugenzi wengine wa Tesla walioshtakiwa pamoja na Musk walifikia suluhu mwaka 2020 kwa dola milioni 60 za bima. Musk aliendelea na kesi, akashinda Aprili 2022, ingawa jaji alimkosoa kwa kujihusisha mno na mchakato wa ununuzi. Mahakama ya Juu ya Delaware iliridhia hukumu Juni 2023.

Mwekezaji anapaswa kwanza kujua fidia inaelekea wapi. Katika shauri ambalo wanahisa hulifungua kwa niaba ya kampuni, kama hili la Tesla, fedha huingia katika hazina ya kampuni. Kampuni ya paneli za sola ya First Solar, kinyume chake, ilishtakiwa mwaka 2012 na wanunuzi wa hisa zake, ikakubali kuwalipa dola milioni 350 mwaka 2020. Malipo hayo yalitoka kwenye fedha za kampuni, hivyo mzigo wake uliwaangukia wanahisa waliobaki.