Ukweli na uthibitisho: kwa nini si kitu kimoja

Katika mabishano ya kila siku huku Bunia, iwe sokoni, iwe mbele ya shefu wa kartie, watu wanasema: «Kama hauna ushahidi, basi ni uongo.» Usemi huo unachanganya mambo mawili ambayo elimu ya mantiki inayatenganisha: ukweli na uthibitisho.

Ukweli ni nini?

Kauli ni ya kweli kama mambo yako vile inavyosema. Barabara ya kutoka Bunia kwenda Kasenyi inapita Bogoro: ni kweli, hata kama hakuna mutu anayeisema. Mwaka 1933 mwanahisabati wa Poland, Alfred Tarski, alilieleza wazo hilo kwa makini, kwa ajili ya lugha za hisabati.

Uthibitisho ni nini?

Ni mfuatano wa hatua unaoanza na mambo yaliyokubaliwa, kila hatua ikifuata kanuni, na mutu yeyote anaweza kuukagua. Mfano: chukua kikundi cha watoto ambacho, ukiwapanga wawili wawili, mmoja anabaki. Chukua kikundi kingine cha namna hiyo. Ukivichanganya, wale wawili waliobaki wanakuwa jozi, na hakuna anayebaki tena. Haina haja ya kuhesabu vikundi vyote vya dunia. Hatua hizo zinatosha kwa vyote.

Lakini kuna kauli ambazo hazijathibitishwa. Tangu 1742 inajulikana dhana ya Christian Goldbach: kila nambari inayogawanyika kwa mbili, kuanzia 4, ni jumla ya nambari tasa mbili. 8 ni 3 na 5. 20 ni 7 na 13. Kompyuta zimejaribu mabilioni ya mabilioni ya nambari bila kukuta hata moja inayokataa. Hata hivyo, huo si uthibitisho, sababu nambari hazina mwisho.

Mwaka 1931 Kurt Gödel, mzaliwa wa Brno, alifika mbali zaidi. Alionyesha kwamba mfumo wowote wa kanuni unaotosha kwa hesabu na usiojipinga, ikiwa kanuni zake zinaweza kukaguliwa moja moja, unaacha kauli za kweli ambazo wenyewe hauwezi kuzithibitisha.

Na kwenye korti?

Wakaaji wa Ituri wanajua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 24 Februari 2003, Bogoro ilishambuliwa, raia wakauawa. Germain Katanga na Mathieu Ngudjolo Chui walishtakiwa mbele ya Korti ya Kimataifa ya Jinai (CPI) huko La Haye. Tarehe 18 Desemba 2012, Ngudjolo aliachiliwa: mashahidi hawakutosha kuwahakikishia majaji, bila shaka ya msingi, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiongoza wapiganaji wa Bedu-Ezekere wakati ule. Korti ya rufani ilikubali uamuzi huo tarehe 27 Februari 2015. Katanga yeye alihukumiwa mwaka 2014, akapewa kifungo cha miaka 12.

Wakati wa kumwachilia Ngudjolo, majaji walieleza kwamba uamuzi wao haumaanishi kuwa hakuna makosa yaliyotendeka Bogoro, wala haukatai mateso ya wakaaji wake. Yaliyotokea ni jambo moja. Nani amethibitishwa kuhusika ni jambo lingine.

Korti si hisabati. Inategemea kumbukumbu za watu, na inaweza kukosea. Njo maana sheria inaweka ulinzi: mutu ambaye kosa lake halikuthibitishwa anahesabiwa hana hatia, na hakuna mwenye haki ya kumlipizia kisasi.

Basi, habari ikipita mtaani, kuna majibu matatu, si mawili: imethibitishwa, imethibitishwa kuwa ya uongo, ao bado haijathibitishwa. Habari nyingi ziko kwenye jibu la tatu, na hiyo haitoshi kumwita aliyeileta mwongo, wala kumwinulia mutu panga.