Siku Ambazo Radi Haikuja

Nilizaliwa Bukoba, mahali ambapo ngurumo si habari. Usiku upepo hushuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani, mawingu hurundikana juu ya maji, na alfajiri mvua ya radi hutufikia ufukweni. Mama alikuwa akisikia mngurumo wa kwanza hufunika kioo kwa khanga, hutukataza kusimama mlangoni, na ole wake aliyevaa nguo nyekundu. Kwetu radi ilikuwa kitu cha kukimbiwa. Kwa hiyo, msomaji wangu, utauelewa mshangao wangu nilipofika Oklahoma, Marekani, mwaka 1993 kwa masomo, nikakuta watu wazima, wenye akili timamu na kazi zao, wakiikimbilia.

Tena si hivyo tu. Nilikuta watu wanaosikitika isipokuja. Hao ndio ninaotaka kuwaeleza hapa, pamoja na historia yao, kwa sababu walinifundisha jambo ambalo sikulipata darasani, nalo ni namna ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Nyanda za kati za Marekani, kuanzia Texas hadi Dakota, hazina mlima wa kumzuia mtu kuona. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi katikati ya kiangazi chao, hutokea huko dhoruba kubwa za radi na mvua ya mawe, na baadhi yake huteremsha tonado, yaani kile kimbunga chembamba kinachoning'inia kutoka winguni kama mkonga wa tembo. Kwa muda mrefu idara yao ya hali ya hewa iliepuka hata kulitaja neno tonado katika utabiri, kwa kuchelea kuwatia watu taharuki. Machi 20, 1948 tonado iliupiga uwanja wa ndege za kijeshi wa Tinker, karibu na Oklahoma City. Siku 5 baadaye maofisa wawili wa uwanja huo, Fawbush na Miller, waliona ramani ya hewa inafanana mno na ile ya siku ya maafa, wakathubutu kutabiri. Jioni hiyohiyo tonado nyingine ikaupiga uwanja uleule. Tangu hapo ilijulikana kwamba jambo hili linaweza kutazamiwa, na penye kutazamia hapakosi wa kungoja.

Miongoni mwa waliotangulia kungoja kwa hiari yao alikuwa kijana wa Bismarck, Dakota Kaskazini, jina lake David Hoadley. Mwaka 1956, baada ya dhoruba kuupiga mji wao, alianza kuzifuata kwa gari. Hakuwa mtaalamu, wala hakulipwa na mtu. Baadaye alikuwa mtumishi wa serikali aliyeishi Virginia, na kila mwaka alitumia likizo yake kuendesha gari zaidi ya kilomita 2,000 kwenda kwenye nyanda hizo, pengine arudi bila kuona kitu. Wataalamu walikuja nyuma yake. Mwaka 1961 mtafiti Neil Ward aliifuata dhoruba ya Oklahoma akiwa ndani ya gari la polisi wa barabarani. Mei 24, 1973, katika mji mdogo wa Union City, tonado moja ilitazamwa tangu kuzaliwa hadi kufa na watu waliokuwa barabarani, huku rada ya Doppler ikiipima kutoka mbali. Siku hiyo ilidhihirika kwamba macho ya watu na rada vinahitajiana. Dunia ni mviringo, na kadiri mwonzi wa rada unavyokwenda mbali ndivyo unavyopita juu zaidi, hata usiweze kuona kinachotendeka karibu na ardhi. Lazima awepo mtu wa kutazama na kupiga simu.

Mwaka 1977 Hoadley alianzisha kijarida kilichoitwa Storm Track, kilichotumwa kwa posta kwa wapenzi wenzake. Kuanzia mwaka 1986 kilihaririwa na Tim Marshall, na kiliendelea kuchapishwa kwenye karatasi hadi mwaka 2002. Nilipewa nakala kadhaa kuukuu nizisome. Nilitarajia kukuta majigambo matupu, kumbe ndani yake mlikuwa pia na vibonzo alivyochora Hoadley mwenyewe vya kuwacheka wawinda dhoruba kwa mikosi yao. Nilijisemea kwamba watu wanaoweza kucheka hivi kutoka kapa kwao wanastahili kujuliwa.

Wataalamu nao hawakusalimika. Mapema katika miaka ya 1980 walitengeneza pipa la vyombo vya kupimia, la kilo 180 hivi, ili waliweke katika njia ya tonado. Walilipa jina la TOTO, jina la yule mbwa mdogo wa hadithi ya The Wizard of Oz. Mswahili hawezi kulisikia jina hilo bila kutabasamu: toto la kilo 180! Kwa miaka kadhaa walilibeba toto lao barabarani, wakalishusha, wakalipandisha tena, na hakuna tonado kali iliyowahi kulipitia katikati. Mwishowe likastaafishwa. Mwaka 1994, nikiwapo mimi mwenyewe, ulianza utafiti mkubwa ulioitwa VORTEX, wenye magari na ndege. Mwaka huo mbingu zikawa baridi kwao, wakaambulia kidogo sana. Ilibidi wangoje hadi mwaka 1995 ndipo wapate walichokitaka.

Wahenga wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ndiyo mvua. Tofauti hiyo nilielezwa na mzee mmoja fundi umeme, jirani yangu, ambaye nilimwita Mzee kwa Kiswahili, naye akalipenda jina hilo. Alikuwa amezifuata dhoruba kwa miaka 20 wakati huo. Aliniambia kwamba hewa yenye joto na unyevu hutoka Ghuba ya Meksiko ikatambaa chini chini. Juu yake, kama kilomita 2 hivi, hupita hewa nyingine kavu na ya moto itokayo kwenye nyanda za juu za Meksiko. Hiyo ya juu huifunika ya chini. Nililielewa jambo hilo kwa kukikumbuka chungu cha mama jikoni. Kifuniko kikiwa chepesi, mvuke hutoka kidogo kidogo tangu asubuhi, na siku huishia katika vijimvua visivyo na maana. Kikiwa kizito kupita kiasi, jua litachoma mpaka lizame na mbingu zitabaki nyeupe. Lakini kikiwa cha kadiri, kikashikilia hadi saa 10 au 11 jioni, kisha kikafunguka mahali pamoja, nguvu iliyolimbikwa mchana kutwa hupandia hapo, na kwa muda mfupi wingu huwa refu kuliko mlima wowote duniani.

Kwa hiyo kitu kinachowanyima dhoruba ndicho hichohicho kinachowapa. Mpenda radi hawezi kukiombea kifuniko kisiwepo, maana bila hicho hana siku kubwa hata moja. Anachoweza ni kusoma vipimo vya puto linalorushwa asubuhi na jioni, kuchora ramani yake, kwenda mahali anapodhani patafunguka, na kungoja.

Nilitoka na Mzee mara 11 katika misimu miwili. Nitasimulia siku moja tu, ya Mei 1995. Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepokea barua kutoka ofisi iliyokuwa ikinilipia masomo. Ilisema kwamba malipo yangeishia kwenye shahada ya pili, na kwamba nirudi nyumbani. Nami nilikwisha kuwaandikia ndugu zangu kwamba nitarudi daktari. Baba alikwisha kuwatangazia watu kanisani. Barua ile niliikunja, nikaitia mfukoni, na sikumwambia mtu yeyote.

Tulikwenda magharibi hadi tukavuka mpaka wa Texas, tukasimama kwenye kituo cha mafuta karibu na Shamrock. Kila kitu kilikuwa sawa. Upepo wa kusini ulikuwa na jasho, na magharibi tuliuona mpaka wa hewa kavu kama ukungu wa vumbi. Saa 10 minara ya wingu ikaanza kuinuka, myeupe na migumu kama koliflawa. Mzee akatoa kamera. Mnara wa kwanza ukapanda, ukakonda shingo, ukakatika. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulipanda kuliko wenzake, nasi tukasimama wote kama watu wanaoitazama penalti, nao pia ukayeyuka. Saa 2 usiku jua likazama katika mbingu safi, lenye rangi nzuri ambayo hakuna aliyeitaka.

Tuliingia dukani kununua kahawa. Mama aliyekuwa kwenye kaunta alituuliza kama tumekipata tulichokijia. Mzee akamjibu kwamba hapana, hakikuja. Mama yule akasema, "Mungu ashukuriwe. Ngano yetu bado iko shambani."

Mzee hakujibu neno. Alilipa, akavua kofia yake kumuaga, tukatoka. Ndani ya gari tulikaa kimya kitambo kirefu. Mwishowe alisema kwamba maneno kama hayo ameyasikia mara nyingi, na kwamba hajapata namna ya kuyajibu. Alisema anapenda kuamini kuwa hatamani dhoruba ije. Anachotamani ni awepo ikija, kwani itakuja tu, atake asitake, na ni heri pawe na mtu wa kuiona na kuitolea taarifa. "Lakini moyo una hila," aliniambia. "Leo nilipouona ule mnara wa tatu unakufa, sikuifikiria ngano ya mtu."

Sijui kwa nini ukweli wake ule ulinifungua kinywa. Nilimwonyesha barua. Aliisoma kwa taa ndogo ya gari, akanirudishia. Hakunipa pole nyingi wala methali. Aliniuliza kama nimeandika yaliyotokea siku hiyo. Desturi yake ilikuwa kuandika kila safari daftarini: tarehe, mahali, alichotazamia, kilichotokea, na sababu kama inajulikana. Siku kapa ziliandikwa kwa urefu uleule wa siku za neema. Alisema kwamba asiyeziandika siku kapa hujidanganya kwa njia mbili. Kwanza hukumbuka ushindi tu, akajiona bingwa. Pili, siku ya kushindwa ikimfika, hudhani ni yeye peke yake duniani. Basi chini ya habari za Shamrock nikaandika habari za barua yangu kwa mpangilio uleule: tarehe, nilichotazamia, kilichotokea. Sehemu ya sababu niliandika maneno haya: fedha zimekwisha. Nilipoyasoma maneno hayo, nikaona kwamba ni habari ya kifuniko tu, si hukumu juu ya mtu.

Nilirudi nyumbani mwishoni mwa mwaka huo, na baba alilipokea jambo lile vizuri kuliko nilivyoogopa. Tonado sikuwahi kuiona hata moja.

Mei 3, 1999 tonado kali mno ilipita Bridge Creek na Moore, kusini mwa Oklahoma City, ikaua watu 36. Watu wengi walionywa mapema, na miongoni mwa waliowaonya walikuwa watazamaji wa ridhaa kama Mzee. Miezi miwili baadaye nilipata barua yake. Alikuwa ameiona, karibu sana, ile aliyoingoja miaka yote. Aliieleza kwa sentensi tatu. Kurasa mbili zilizobaki zilihusu usiku ule, alivyokwenda na majirani kutafuta watu chini ya mbao kwa tochi. Aliniambia kwamba ameiandika daftarini kwa urefu uleule wa siku nyingine. Sikupata barua yake nyingine tena.

Tangu hapo mchezo huu umebadilika. Siku hizi mtu huiona rada kwenye simu yake, watalii hulipia nafasi katika magari, na barabara za vijijini husongamana siku yenye utabiri mzito. Mei 31, 2013, karibu na El Reno, tonado yenye upana wa zaidi ya kilomita 4 iligeuza njia ghafla ikamuua Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Samaras alikuwa mhandisi aliyejifunza mwenyewe, bila shahada, na ndiye ambaye mwaka 2003, huko Manchester, Dakota Kusini, alifaulu pale TOTO lilipokwama: aliweka chombo chake katika njia ya tonado kali, nacho kikapima hewa ilivyoshuka kwa milibari 100. Niliposikia kifo chake nilimkumbuka mama wa kaunta, na ile shukrani yake.

Mimi nilifundisha jiografia ya sekondari Mwanza hadi nilipostaafu. Kila darasa nililipa daftari la mvua. Mwaka wa kwanza wanafunzi walikuwa wakiruka siku kavu, na mmoja aliniuliza, "Mwalimu, tuandike nini kama hakuna kitu?" Nilimwambia aandike tarehe, mawingu aliyoyaona, alivyotazamia, kisha aandike neno "haikunyesha". Alinitazama kama mtu anayedhihakiwa, lakini akaandika. Daftari langu mwenyewe la Oklahoma bado ninalo. Lina safari 11, na baadhi ya kurasa zimeingia madoa ya kahawa. Ukurasa wa Shamrock ndio uliochakaa kuliko yote, maana ndio ninaoufungua mara nyingi.