Biashara ya Nembo za Vita

Katika mwaka wa 2006 watu wachache wa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, walianza kuuza fulana zenye nembo za makundi mawili ya silaha ya nchi za mbali: FARC, waasi wa Kolombia, na PFLP la Wapalestina. Kampuni yao iliitwa Fighters and Lovers. Katika bei ya kila fulana, euro 5 zilikusudiwa kupelekwa kwa makundi hayo: kwa FARC zisaidie mitambo ya redio, na kwa PFLP karakana ya uchapaji. Kitambaa kilikuwa chepesi, lakini swali lake lilikuwa zito: je, ni haki mtu aliye katika amani kufanya biashara ya sifa za vita visivyomgusa?

Sheria ilijibu kwa kusitasita. Makundi yote mawili yalikuwa katika orodha ya magaidi ya Umoja wa Ulaya. Hata hivyo, Desemba 2007 mahakama ya mji iliwaachilia washitakiwa wote 7. Septemba 2008 mahakama ya rufani iliwatia hatiani 6 kati yao, ikawapa vifungo vya kati ya siku 60 na miezi 6. Na Machi 2009 mahakama ya juu kabisa ilithibitisha hatia hiyo. Lakini shitaka lilihusu fedha, si picha. Nusu ya swali ilibaki nje ya mlango wa mahakama.

Watetezi wa biashara hiyo wana hoja isiyofaa kudharauliwa. Jina la muasi hubadilika kwa ushindi. Denmark yenyewe huwaheshimu watu wake waliolipua reli wakati wa utawala wa Wajerumani, 1940 hadi 1945. Mau Mau ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Nelson Mandela aliondolewa katika orodha ya Marekani mwaka 2008. Ikiwa orodha ya serikali ndiyo mizani pekee, basi tendo moja huwa ovu jana na jema leo, wala lenyewe halikubadilika.

Hoja hiyo yathibitisha kwamba orodha si mizani ya kutosha. Haithibitishi kwamba kila muasi ni safi. Tarehe 2 Mei 2002, katika kijiji cha Bojayá, bomu la FARC liliangukia kanisa walimokimbilia raia, likaua makumi ya watu, wengi wao watoto. Juni 2007, fulana zikiwa zimekwisha kuingia sokoni, wajumbe 11 wa baraza la jimbo la Valle del Cauca waliuawa baada ya kushikiliwa mateka miaka mitano. Mahakama maalumu ya amani ya Kolombia imehesabu watu wasiopungua 21,396 waliotekwa na FARC. Mahakama hiyo hiyo imehesabu pia raia wasiopungua 6,402 waliouawa na jeshi la serikali kati ya 2002 na 2008, kisha wakatangazwa kuwa waasi waliokufa vitani. Manung'uniko ya waasi hayakuwa ya uongo. Lakini dhambi ya mmoja haimtakasi mwenziwe.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya nembo. Kitabu chaweza kueleza dhuluma iliyozaa uasi, na dhuluma iliyozaliwa na uasi. Nembo haiwezi: huichukua bunduki ikaliacha kanisa. Muuzaji huuza ushujaa bila hatari, na mnunuzi huvaa hasira bila msiba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kutetea haki ya mnyonge wa mbali ni wema. Kuigeuza mauti yake kuwa pambo ni jambo jingine, hata bila senti moja kufika vitani.

Desemba 2015 viongozi wa FARC walikwenda Bojayá kuomba radhi. Mwaka 2016 walifanya mapatano ya amani, na mwaka 2017 wakasalimisha silaha zao na kuunda chama cha siasa kilichobaki na herufi zile zile. Herufi hizo ziliwalemea. Januari 2021 walizivua, wakajiita Comunes. Mzigo ambao wenyewe waliushindwa kuubeba mbele ya wafiwa ndio uliokuwa umeuzwa Copenhagen kuwa vazi la furaha.