Kivu ina sura mbili: gesi tunayoiogopa na maji tunayokunywa



Kila mara volkano inapofanya fujo kule Goma, telefone zetu zinajaa audio: ziwa litapasuka, gesi itatoka, Bukavu nzima italala isiamke. Baada ya majuma mawili tunasahau, tunarudi kuchota maji kwenye ziwa lile lile. Leo nataka tuangalie historia ya kitu kimoja tu kinachounganisha mambo hayo mawili: kaboni iliyoyeyuka ndani ya maji ya Kivu. Kaboni hiyo ndiyo inatufanya tuogope, na ndiyo iko ndani ya bido tunayopandisha Kadutu. Ila watu wanaongea sana juu ya ile ya chini, ya juu hakuna anayeisema.

Tuanze mbali kidogo. Zamani za kale maji ya bonde letu yalikuwa yanaenda kaskazini, upande wa ziwa Edward. Milima ya volkano ya Virunga ikaota, ikafunga njia. Maji yakajaa, yakapanda, na kama miaka 10,000 iliyopita yakapata mlango upande wa kusini, hapa penye Ruzizi. Kwa hiyo mji wetu umekaa mdomoni kabisa mwa ziwa. Kila tone linalotoka Kivu kwenda Tanganyika linapita mbele yetu, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya chumvi zilizo ndani ya Tanganyika asili yake ni Kivu.

Milima ile haikufunga njia tu. Chini ya ardhi inatoa gesi ya kaboni, ile wanaandika CO2. Watu wa Goma na Sake wanaijua vizuri, wanaiita mazuku: hewa mbaya inayokaa kwenye mabonde kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida, mbuzi akiingia anaanguka, mtoto naye vilevile. Neno hilo limetoka kwenye Kiswahili chetu likaingia kwenye vitabu vya wataalamu wa volkano dunia nzima. Gesi hiyo hiyo inaingia pia chini ya ziwa, pamoja na chemchemi za maji moto na za chumvi. Maji hayo ni mazito, yanabaki chini. Juu yake kuna maji mepesi ya mvua na mito. Tabaka hizo mbili hazichanganyikani, hata upepo wa kiangazi unasukuma mita 60 hivi za juu tu. Ndiyo maana sambaza, walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaishi juu tu. Chini hakuna oksijeni.

Nani aligundua? Wavuvi walijua tabia za ziwa lao kabla ya wazungu, lakini kipimo cha kwanza kilichoandikwa ni cha Hubert Damas, Mbelgiji, mwaka 1935. Alivuta maji ya chini, na yalipofika juu yakatoa povu kama chupa ya limonade iliyofunguliwa. Baada ya hapo ikaundwa IRSAC mwaka 1947, yenye makao yake Lwiro, hapa tu karibu, njia ya Katana. Wengi wenu mmeshatembea kwenye yale majumba, leo yanaitwa CRSN. Mwaka 1955 Schmitz na Kufferath wakaandika juu ya swali la gesi zilizoyeyuka ndani ya Kivu: siyo CO2 peke yake, kuna na metani, ile gesi inayowaka.

Metani inatoka wapi? Vijidudu vidogo vinavyoishi bila oksijeni vinatengeneza, vingine kwa kuozesha mabaki ya mimea na viumbe, vingine kwa kuigeuza CO2 yenyewe. Hesabu inayokubalika leo ni hii: ndani ya Kivu kuna kama kilometa za ujazo 300 za CO2 na kama 60 za metani, ukizipima kama vile zingekuwa huru hapa juu. Sehemu yake kubwa iko chini ya mita 260, kwenye beseni kubwa ambalo kina chake kinafika mita 485. Tukumbuke pia kwamba beseni la Bukavu lina mita kama 100 tu, na kuna ukingo chini ya maji unaolitenga na lile kubwa. Ile ghala ya gesi haiko chini ya Muhumba wala chini ya Nguba.

Mwaka 1963 kiwanda kidogo kilianza kuvuta gesi pale Cap Rubona, upande wa Rwanda, ili kuchemshia mitungi ya bia ya Bralirwa kule Gisenyi. Kazi yake ni rahisi kueleza. Unashusha bomba, unavuta maji ya chini mara ya kwanza, na yakipanda presha inapungua, povu linatoka, maji yanaendelea kujipandisha yenyewe. Halafu unaosha gesi kwa maji: CO2 inayeyuka kwa urahisi inaondoka na maji, metani inabaki. Mwaka 1975 Zaire na Rwanda wakasaini mkataba wa kutumia gesi hiyo pamoja. Kati ya 1971 na 1975 walikuja Egon Degens na wenzake kutoka Marekani, kisha Klaus Tietze kutoka Ujerumani, wakapima ziwa toka juu hadi chini.

Wakati huo gesi ilikuwa habari ya utajiri. Ilikuja kuwa habari ya kifo kule Kameruni. Tarehe 15 Agosti 1984 ziwa Monoun lilitoa CO2 ghafla, watu 37 wakafa. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos likafanya vile vile usiku, na watu kama 1,700 hawakuamka, pamoja na ng'ombe wao. Dunia ikageuka kuangalia Kivu: ziwa kubwa mara nyingi kuliko Nyos, lina metani juu ya CO2, lina volkano pembeni, na watu milioni kando yake. Woga wetu wa leo umezaliwa mwaka huo. Siyo hadithi ya mababu, wala siyo uongo pia.

Woga huo umeshajaribiwa mara mbili. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilikata Goma katikati ikaingia ziwani. Waliopima baadaye walikuta tabaka za chini hazijavurugika. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka tena, na siku tano baadaye serikali ya kijeshi ya jimbo ikaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, ikisema magma imesogea chini ya mji mpaka chini ya ziwa. Siye wa Bukavu tuliwapokea ndugu zetu bandarini, mashua kwa mashua, na magodoro yao. Ziwa halikulipuka.

Kwa nini? Kwa sababu gesi inatoka ndani ya maji pale tu presha yake inaposhinda presha ya maji yaliyo juu yake. Kwenye Kivu, mahali palipo karibu zaidi na mpaka huo, mita zaidi ya 300 chini, gesi imefika nusu na kidogo tu ya kiasi kinachohitajika. Mwaka 2005 wataalamu kutoka Uswisi waliandika kwamba metani inaonekana kuongezeka, na hofu ikapanda. Lakini vikundi mbalimbali vilikuja na vyombo tofauti, vikapima pamoja mwaka 2018, na matokeo yaliyotoka 2020 yakasema hapana, hakuna ongezeko la maana tangu vipimo vya Tietze. Hiyo haimaanishi tulale. Inamaanisha ziwa linataka kupimwa kila mara, siyo kuhubiriwa kwenye WhatsApp. Ghuba ya Kabuno, kule kaskazini-magharibi, inastahili macho zaidi, maana pale CO2 nyingi inaanzia mita kama 12 tu.

Sasa tuje kwenye sura ya pili, ile haina audio.

CO2 ikiyeyuka ndani ya maji inayafanya yawe asidi dhaifu. Asidi hiyo inakula mawe ya volkano pole pole, mawe yanatoa magnesi, kalsi, sodi na potasi, na kaboni yenyewe inageuka kuwa bikaboneti. Maji ya chini, yenye gesi nyingi, yanabaki na uasidi: pH yake ni kama 6 na kitu. Yakifika juu, CO2 inatoroka hewani, mwani nao unakula nyingine, bikaboneti inabaki. Matokeo: maji ya juu ya Kivu yana pH ya kama 9, yana kama milimoli 13 za alkali katika kila lita, na kama miligramu 80 na zaidi za magnesi. Ndiyo maana sabuni inakataa kutoa povu, na ndiyo maana birika la mama linaota ukoko mweupe. Kaboni ya volkano iko jikoni kwetu.

Kunywa bikaboneti siyo sumu. Shida iko kwenye kloro. Rejideso inaleta maji ya mto Murhundu kutoka Kabare, maji ya mlimani, lakini mji umekua kuliko bomba. Robine inakauka, watu wanashuka ziwani. Kwa hiyo, tangu miaka ya kipindupindu, kumekuwa na vituo kando ya maji: mtu amekaa na sirinji, bido inapita, anadondosha kloro, unaenda. Wamefanya kazi kubwa, wameokoa roho nyingi, tuwashukuru. Julai 1994, wakimbizi walipojaa Goma, watu wanaohesabiwa kama 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kuhara na kipindupindu, na wengi wao walikuwa wamekunywa maji ya ziwa hili. Tunajua bei ya maji machafu.

Sasa kemia inasema hivi. Kloro ikiingia majini inagawanyika kuwa na sura mbili: moja ni kali, inaua vijidudu haraka, nyingine ni mvivu. Kwenye pH ya 7.5 ziko nusu kwa nusu. Kwenye pH ya 9 ile kali inabaki kama 3 tu kwa 100. Ndiyo sababu OMS inaomba pH iwe chini ya 8 na maji yapumzike dakika 30 angalau. Maji ya Kivu yanavuka kipimo hicho kila siku. Zaidi ya hapo, mdudu wa kipindupindu anapenda maji ya alkali. Laboratware wakitaka kumkuza wanamwekea mchuzi wa alkali kwa makusudi.

Maana yake si kwamba kloro haina kazi. Maana yake: dozi ile ile iliyotosha kwa maji ya mto inahitaji muda mrefu zaidi kwa maji ya ziwa. Bido iliyodondoshewa kloro Nyalukemba na kunywewa dakika kumi baadaye kabla ya kufika Nyawera haijawa salama. Iache ipumzike, zaidi ya nusu saa, na mwenye kituo apime kloro iliyobaki baada ya muda huo, siyo pale pale. Na kama kuna makala, chemsha: moto haujali pH.

Nimeandika haya kwa sababu moja. Ukisoma historia ya Kivu, karibu kila kipimo kimeandikwa Liège, Kiel au Zürich, kwa ajili ya swali la gesi. Rwanda walijenga KivuWatt, ikaanza 2016, megawati 26. Kwetu mwaka 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu vitatu, Makelele, Idjwi na Lwandjofu, na siku hizo tuliongea mapesa tu. Hata hivyo, ISP ya Bukavu imekuwa na kikundi cha hidrobiolojia kilichopanda mashua miaka na miaka kufuata mwani na sambaza, na majina ya watu wetu yamo kwenye vitabu vya ziwa hili. Kwa hiyo uwezo upo.

Kwa swali la gesi ya mita 300 unahitaji meli, kebo na dola. Kwa swali la bido unahitaji karatasi za pH, kisanduku cha kupimia kloro, saa ya mkono na wanafunzi wawili wasioogopa kuamka saa kumi na moja asubuhi. Walimu wa kemia walio kwenye kundi hili, UOB, UCB, ISP, huo ni mradi wa mwisho wa masomo wa mtu mmoja, na mama wa Kadutu atasoma matokeo yake hata kama hajasoma kemia: dakika ngapi, basi.

Ziwa litaendelea kulinda gesi yake chini, na tuombe liendelee kupimwa. Lakini aliyekufa Bukavu kwa sababu ya maji ya Kivu mpaka leo hakuuawa na ile ya chini.

Mwenye vipimo vya pH vya Nyalukemba, Muhumba au Panzi, hata vya zamani, avilete hapa tuviweke pamoja.