Walijua Kusoma, Wakakosa cha Kusoma: Historia Fupi ya Kadi ya Maktaba na Sisi Wana-Upare



Kila mwaka kijarida hiki huwaletea habari za madarasa, zahanati na barabara. Safari hii tunaomba nafasi ya kuzungumzia kitu kidogo kinachoenea mfukoni: kadi ya maktaba. Historia yake imepita katikati ya milima yetu, na ipo sehemu ya historia hiyo ambayo hatungependa ijirudie.

Kalamu ya wazee wetu

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi mpya ya kumkadiria kila mtu kwa mali yake. Wazee wetu waliiita mbiru. Januari 1945 maelfu yao walishuka milimani, wakaenda kukaa Same, makao ya wilaya, kuipinga. Mwaka 1946 kina mama nao walijitokeza Usangi. Pamoja na kukaa pale, wazee waliandika malalamiko yao na kuyapeleka ngazi za juu. Kufikia 1947 mbiru ilikuwa imefutwa.

Mengi tunayoyajua kuhusu jambo hilo tunayajua kwa sababu mwenzetu, Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyaandika katika kitabu kidogo kilichotoka 1971. Leo kitabu kama hicho hukikuti dukani. Mahali pake ni maktaba. Tujiulize ni watoto wangapi wa Same na Mwanga waliowahi kukishika mkononi.

Vitabu vya sanduku na vya posta

Mgogoro wa mbiru ulipokwisha, Upare ulikuwa miongoni mwa sehemu za Tanganyika zilizopewa mpango maalumu wa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watu wetu walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, Habari za Upare.

Wakati huohuo, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948 na makao yake yakiwa Nairobi, lilikuwa likituma masanduku ya vitabu kwenye vituo vya mbali na kuazimisha vitabu kwa njia ya posta. Ilikuwa huduma nyembamba, lakini ilikuwa mlango. Katika mji huohuo wa Nairobi, maktaba nzuri ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, iliwahudumia Wazungu peke yao hadi 1958. Hapo ndipo tunapoona kadi ya maktaba ni nini hasa: ni ruhusa ya kuingia. Asiyekuwa nayo hubaki nje, hata kama anajua kusoma.

Uhuru ulipokuja, mlango ulifunguliwa kwa wote. Sheria ya kuunda huduma za maktaba ilipitishwa 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1975 ilitungwa sheria nyingine, iliyotupa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania tuliyonayo hadi leo.

Mwaka wa ngumbaru

Mwalimu aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha zikachaguliwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta kabisa ujinga wa kusoma kabla mwaka 1971 haujaisha: Mafia, Ukerewe, Masasi, Tanga, Kilimanjaro na Pare. Bibi na babu zetu walirudi kutoka shambani, wakanawa miguu, wakaenda ngumbaru.

Matokeo yake taifa zima linayajua. Mwaka 1967 watu wazima 67 hivi katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi 39, na 1986 wakabaki 10 tu au chini kidogo.

Lakini hesabu hiyo haikuishia hapo. Ili watu wasisahau walichojifunza, zilianzishwa maktaba za vijijini, mara nyingi zikiwa kabati la vitabu ndani ya darasa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaja vita, fedha za kigeni zikaadimika na karatasi nazo zikaadimika. Vitabu vilivyochakaa havikupata vingine vya kushika nafasi yake. Sensa ya 2002 ilikuta wanaojua kusoma ni takriban watu wazima 7 katika kila 10.

Sisi tuliozaliwa miaka hiyo tuliyaona haya majumbani mwetu. Bibi aliyefaulu ngumbaru alituita tumsomee barua ya mwanawe aliyekuwa Tanga. Tulidhani ni macho. Baadaye tukaelewa kwamba alijua kusoma, akakosa cha kusoma, na miaka ikamnyang'anya alichokipata.

Kadi zetu wenyewe

Wengi wetu tulisoma sekondari ambako kitabu kimoja cha kemia kilisomwa na dawati zima, na wa mwishoni alisoma kwa kuchungulia. Tulipofika mjini tulijaza fomu ya uanachama wa maktaba, tukabandika picha, tukatafuta mdhamini wa kutia sahihi. Kwa mara ya kwanza tukatoka na kitabu mkononi tukakilaza nyumbani. Wapo kati yetu waliosomea mitihani ya bodi ya uhasibu kwenye meza za Maktaba Kuu, kwa sababu chumba cha kupanga kilikuwa cha watu wanne na taa moja.

Kwa kuwa baadhi yetu ni wahasibu, mtusamehe tukipiga hesabu. Kitabu kinachonunuliwa na mzazi mmoja husomwa na watoto wa nyumba moja, kisha hukaa juu ya kabati. Kitabu hichohicho kikiazimwa kwa wiki mbili mbili, kinaweza kupita mikononi mwa wasomaji 26 kwa mwaka mmoja. Katika miaka mitano ni wasomaji 130, kwa bei ileile iliyolipwa siku ya kwanza. Hatujui mradi mwingine wa elimu ambao shilingi moja hurudi kufanya kazi mara nyingi hivyo.

Wapo watakaosema siku hizi kuna simu. Ni kweli, na simu inasaidia. Lakini kifurushi huisha, vitabu vingi vya kiada na vya historia yetu havimo humo, na simu ya nyumbani huwa ni ya baba, naye huondoka nayo asubuhi.

Tunachoomba

Chumba cha kusomea tunachokusudia kukijenga nyumbani ni jambo tunaloliweza. Msaragambo tunaujua tangu enzi za mifereji: waliopo nyumbani watatoa mawe, mchanga na nguvu zao. Sisi wa mijini tunaombwa mabati, saruji, rafu, taa za sola na vitabu. Bodi ya Huduma za Maktaba tutaiomba ushauri wa namna ya kuvipanga na kuviazimisha.

Tunaomba pia tusirudie kosa la makabati ya zamani. Jengo si mwisho wa kazi. Kila mwaka sehemu ya mchango itengwe kwa vitabu vipya, na daftari la maazimio lisomwe mbele ya mkutano mkuu kama zinavyosomwa hesabu za fedha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na vitabu ni mali.

Kila mtoto atakayejiandikisha atapewa kadi yenye jina lake. Huenda ikawa karatasi ya kwanza, baada ya cheti cha kuzaliwa, inayosema kwamba watu wake wanamwamini na mali ya wote. Ataazima, atatunza, atarudisha, na mwenzake atachukua.

Na kitabu cha kwanza tungependa kukiweka kwenye rafu ni kile cha mbiru, ili mtoto wa Usangi, Ugweno, Mbaga au Gonja asome kuhusu babu na bibi zake akiwa palepale walipoishi.

Tukutane kwenye harambee. Karibuni sana.