Nukta Hamahama, Si Nukta Inayoelea

Nimeikuta tena, safari hii katika mwongozo wa programu ya kusimamia usanidi wa seva: "namba za nukta inayoelea". Siikubali, wala sitachoka kuipinga.

Tuanze na kuelea. Chombo huelea majini. Jambo likieleweka husemwa limenielea, na huko ndiko yalikotoka maneno eleza, elewa na maelezo. Tena mwenye kichefuchefu moyo humwelea. Kitenzi chenye mizigo mitatu namna hii kimechaguliwa kwa sababu moja tu, kwamba Kiingereza, katika "floating point", kinataja kuelea. Waliokipitisha hawakuuliza nukta yenyewe inafanya nini. Haichukuliwi na mkondo. Huhamishwa na kipeo: kikiongezeka inasogea kulia, kikipungua inarudi kushoto. Na kila mtoto aliyezidisha desimali kwa kumi ameambiwa na mwalimu wake, "hamisha nukta". Kitenzi tulikuwa nacho darasani miaka yote.

Kwa hiyo nasema nukta hamahama. Wafugaji wa kuhamahama tunawajua, na hakuna anayedhani wamepotea. Hufuata malisho kama nukta inavyofuata kipeo. Tena istilahi hii ina mwenzake, nukta tuli, kwa namba ambazo nukta yake haibanduki. Wenye "inayoelea" hadi leo hawajaleta jozi inayosemeka. Pendekezo langu nililifikisha mbele ya kamati moja, likarudishwa eti "halijazoeleka", kana kwamba istilahi huzaliwa imeshazoeleka.

Yuko pia anayetaka neno desimali lenyewe lifutwe, turudi kwenye ushr ya Kiarabu, sehemu ya kumi, ile iliyotuzalia ushuru. Simuungi mkono. Ushuru una kazi yake forodhani, na desimali imo katika vitabu vya shule. Nukta nayo ni ya Kiarabu, na wazee waliitumia hata kwa sekunde. Hiyo tumeshaifanya yetu, haina mgogoro.

Kwa fundi, mambo ni haya. Katika faili la usanidi la YAML, linalotumiwa na programu kama Ansible, ukiandika toleo la Python 3.10 bila alama za nukuu, linasomwa kama namba na kubaki 3.1. Kwa kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, namba ya biti 64 hubeba tarakimu 15 hadi 17 tu, na hata 0.1 haihifadhiki kamili katika msingi wa mbili. Thamani yenye tarakimu nyingi iandikwe ndani ya alama za nukuu, ikokotolewe kwa aina ya desimali kamili.

Mwongozo ule, ukiwa umenaswa na istilahi yake, unaonya kwamba thamani "huweza kuelea". Fundi akisoma hivyo atakaa akiichunguza seva, akingoja namba ibadilike usiku. Haitabadilika. Ilikadiriwa mara moja, faili liliposomwa, na tarakimu zilizokatwa hapo hazimo tena.